Jiwe la Msingi la Kituo cha Kofia

Mheshimiwa Jaji Winifred Sykes wa Mahakama ya Mji wa Tarver, ambayo hukaa kila Jumanne na, bajeti ikiruhusu, Alhamisi. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mheshimiwa Seneta, uliyetumwa utuletee salamu na wewe ukazituma kwa simu. Mchungaji Dobbs wa Kanisa la Baptisti la Mlima Nebo. Waheshimiwa Madiwani wote wanne, pamoja na yule wa tano ambaye hatusalimiani. Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, ambaye ni mimi. Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Kofia, ambaye ni mke wangu. Bendi ya shule ya sekondari, ijapokuwa tarumbeta zimekuja pungufu. Akina mama wa kanisa mliovaa kofia hizi pana zinazonizuia nisiwaone akina baba. Na kwa namna ya pekee kabisa, mwanamke ambaye bila yeye leo nisingekuwa na la kusema, ingawa ningesema, shujaa wetu wa haki za weusi, Bi Ozella Rudd, mwenye umri wa miaka tisini, aliyeketi hapa mstari wa mbele akiwa na mkoba wake magotini: mabibi na mabwana wa Tarver, Alabama, habari za asubuhi.

(Sauti kutoka nyuma: za mchana. Vicheko.)

Nimeletewa taarifa kwamba ni mchana. Nitalirekebisha hilo katika nakala itakayohifadhiwa.

Ndugu zangu, mimi Thaddeus Crumley, meya wenu kwa awamu ya tatu mfululizo, nimesimama mbele yenu siku hii ya Jumamosi si kwa sababu napenda kusimama, bali kwa sababu historia imenitaka nisimame, na historia ikishamtaka mtu asimame, mtu huyo hana mamlaka ya kukaa mpaka amalize kurasa alizoandikiwa, ambazo ni kumi na tisa. (Minong'ono. Mtoto analia, anatolewa nje ya uwanja, wanaume watatu wanajitolea kumsindikiza.) Leo tunaweka jiwe la msingi la Kituo cha Kumbukumbu, Utafiti, Mikutano, Utalii na Viburudisho cha Ozella Rudd, ambacho kwa kifupi tutakiita Kituo cha Kofia, na napenda kutamka kwa fahari kubwa kwamba utekelezaji wa dhana ya mradi huu umefikia asilimia themanini na saba, na kwamba hizo asilimia kumi na tatu zilizobaki ni jengo.

(Makofi upande wa kushoto, wanakokaa watumishi wa halmashauri.)

Jiwe lenyewe ndilo hili. Wale mnaoona limeandikwa Pumzika kwa Amani, msishtuke. Mwenye nyumba ya mazishi alituazima sampuli aliyokuwa nayo, na mchakato wa kupata maneno yetu wenyewe uko katika ngazi ya kamati.

Sasa naomba niwarudishe nyuma, kwa sababu hatuwezi kwenda mbele bila kwanza kurudi nyuma kwa utaratibu. Ilikuwa Oktoba mwaka 1953. Bi Ozella, wakati huo binti wa miaka ishirini na minne, mwalimu wa darasa la pili katika shule yetu ya weusi, aliingia katika duka la Whitlow na Wanawe, pale mtaa wa mahakama, akaiona juu ya kinara cha kuonyeshea kofia ya kupendeza mno, kofia ya rangi ya zambarau yenye unyoya, na moyo wake ukaichagua. Akaivaa. Akasema, kofia hii ni yangu na hakuna mwanadamu atakayenivua. Na kwa upendo huo mkuu wa kofia ile nzuri, yeye akiwa peke yake, akautikisa ubaguzi wa...

(Bi Ozella, bila kusimama: "Ilikuwa mbaya, Thaddeus." Vicheko vikubwa kwa akina mama.)

Samahani. Nimeandikiwa hapa, ya kupendeza mno.

(Bi Ozella: "Ilikuwa mbaya kama kuku aliyenyeshewa. Ndiyo habari yenyewe.")

Wa nyuma hamsikii, kwa kuwa kipaza sauti ninacho mimi. Nitawarudishia maneno yake. Shujaa wetu anabainisha kwamba bidhaa husika haikukidhi viwango. (Akina mama: "Hakusema hivyo.") Anasema... naam, Bi Ozella, taratibu, naandika... anasema watoto wa siku hizi hawajui, kwa hiyo waambiwe. Anasema katika duka lile mwanamke mweupe aliweza kujaribu kofia kumi, akaziacha zote, akaagwa kwa tabasamu. Mwanamke mweusi, kofia ikishagusa nywele zake, ameinunua. Imtoshe, isimtoshe, imekuwa yake. Kwa lugha ya kitaalamu tungesema kulikuwa na changamoto katika sera ya kurudisha bidhaa. (Kelele za kutoridhika.) Nimesema tungesema, sikusema tumesema.

Anaendelea. Anasema mama yake, marehemu Bi Lottie, aliyekuwa akifulia watu nguo, alikuwa na kofia kumi na moja kabatini, na hata moja haikumtosha. Alizibana kwa pini akaenda nazo kanisani miaka yote hiyo, na kila Jumapili jioni alilala na kitambaa cha maji ya baridi kichwani. Watu walidhani ni Roho Mtakatifu anayemchosha. Ilikuwa kofia.

(Vicheko. Feni za karatasi wanazojipepea nazo zinasimama.)

Na wiki ile mama yake alikuwa amefariki. Bi Ozella alikwenda kutafuta kofia ya kuvaa siku ya kumzika. Akaijaribu ile ya zambarau, akajitazama kwenye kioo, akaivua, akairudisha juu ya kinara chake akaunyoosha na unyoya wake, akamwambia muuzaji... Bi Ozella, hili naomba useme mwenyewe, nitainama na kipaza sauti, ila usikishike, ni cha halmashauri.

(Bi Ozella, kwenye kipaza sauti: "Nilimwambia, sijaipenda. Nionyeshe nyingine.")

(Makofi marefu. Akina mama wanasimama. Meya anapunga mkono.)

Asanteni, asanteni sana, mnanipa nguvu.

Kwa hiyo kama ofisi yangu ilivyokuwa ikieleza tangu mwanzo, hakuipenda. Aliambiwa alipe, akasema yeye hulipia anachokipenda. Akaitwa askari. Akakamatwa kwa kosa la kuiba kofia ambayo, kwa mujibu wa kumbukumbu za mahakama nilizozisoma mimi binafsi kwa miwani yangu mwenyewe, ilikuwa bado juu ya kinara dukani, na askari aliyemkamata alikiegemea. Akahukumiwa siku thelathini. Mama yake akazikwa bila yeye. Shule ikamfukuza, kwa kuwa mwizi hafundishi watoto. Basi akafungua sebule yake akaanza kushona kofia, na katika sebule ile, mabibi na mabwana, mtu yeyote aliruhusiwa kujaribu kofia thelathini, akanywa chai, akaondoka bila hata moja. Mama yangu mzazi alijaribu kofia pale kwa miaka kumi na minne na akanunua mbili. (Sauti ya mama mmoja: "Na moja hakumaliza kulipa.") Hilo ni suala la familia.

Nikiingia sasa katika mafanikio. Katika miaka minne ya uongozi wangu juu ya mradi huu tumefanya vikao sitini na viwili, sawa na ongezeko la asilimia mia sita ya vikao ikilinganishwa na kipindi ambacho mradi haukuwepo. Tumefanya upembuzi yakinifu, kisha tukafanya upembuzi wa ule upembuzi. Mimi na Kamati Ndogo ya Kofia tulisafiri kwenda Paris kujifunza kofia, na tumethibitisha kwamba zipo. Tumemleta mshauri wa utalii kutoka Atlanta, kijana msomi, suruali fupi juu ya vifundo vya miguu, ambaye ametupa andiko la kurasa mia mbili, na ndani ya andiko hilo kuna jambo zito ambalo leo nimeamua kuliweka wazi kwa kuwa serikali yangu ni ya uwazi.

Mshauri amegundua kwamba mgeni anayetembelea kumbukumbu ya shujaa ambaye hukumu yake ilishafutwa hukaa hapo wastani wa dakika kumi na moja. Lakini mgeni anayetembelea kumbukumbu ya shujaa ambaye hukumu yake bado ipo, bado inauma, ana jina katika daftari la wezi mpaka leo, huyo mgeni hukaa dakika arobaini, hulia, na kisha hununua kikombe. Hivyo basi hukumu ya Bi Ozella si hukumu tu. Ni mhimili wa kivutio. Tukiifuta hukumu, ndugu zangu, Kituo kitaonyesha nini? Sebule?

Ninajua kuna maneno mitaani. Ninajua inasemwa kwamba Bi Ozella alileta mahakamani ombi la kufutiwa hukumu, na kwamba sheria inataka mji, kwa kuwa mji ndio ulioshtaki, useme kama una pingamizi au hauna, na kwamba karatasi hiyo imekaa mezani kwangu miaka minne. Huo ni upotoshaji. Haijakaa. Imehifadhiwa. Haijapotea, haijakunjwa, haijamwagikiwa kitu isipokuwa pembeni kidogo. Nimeilinda karatasi ile kuliko ninavyolinda kiti changu, na wapinzani wangu ni mashahidi wa jinsi ninavyolinda kiti changu.

(Bi Ozella anasimama. Mchungaji Dobbs anamshika kiwiko. Anaomba kipaza sauti. Meya anainama nacho tena.)

(Bi Ozella: "Thaddeus, waambie kwa nini niliomba.")

Sababu zimo katika jalada, mama yangu, na jalada ni...

(Bi Ozella: "Waambie, au niwaambie.")

Nitawaambia. Bi Ozella aliomba, kwa mujibu wa jalada, baada ya kufika katika maktaba ya mji wetu akitaka kujitolea kuwasomea watoto hadithi siku za Jumamosi, saa nane mchana. Akapewa fomu. Sera yetu ya wanaojitolea, ambayo niliiandika mimi na ambayo haina ubaguzi wa aina yoyote, inauliza kila mtu swali moja bila kumpendelea: umewahi kupatikana na hatia ya wizi? Bi Ozella, kwa uaminifu wake unaojulikana, akaandika ndiyo. Na mfumo, ambao hauna macho wala rangi wala historia, ukamkataa. Mkutubi alilia, lakini alifuata utaratibu, na kwa hilo tulimpa cheti.

(Kelele. "Aibu." "Miaka minne?" Feni zinapigwa kwenye magoti.)

Naomba utulivu. Naomba utulivu kwa sababu suluhisho lipo katika mpango mkakati. Ukurasa wa kumi na saba. Kituo kitakapokamilika, kitakuwa na chumba cha watoto, na humo tutaweka sanamu ya nta ya Bi Ozella inayosoma hadithi kwa sauti iliyorekodiwa, kila baada ya nusu saa, hata siku za mvua.

(Bi Ozella: "Na mimi mwenyewe nitaingia humo?")

Utaingia kama mgeni wa heshima, mama yangu. Kama mtu wa kujitolea kutakuwa na fomu.

(Vicheko vya uchungu. Bi Ozella hacheki. Anabaki amesimama.)

(Bi Ozella: "Nakujua tangu ulipokuwa ukisinzia chini ya meza yangu ya kushonea, kwa hiyo sikuulizi kama meya. Mimi ni mwizi?")

Bi Ozella. Swali hilo ni pana. Swali hilo lina sura ya kijamii, sura ya kisheria na sura ya kibajeti. Kijamii, wewe ni mama wa mji huu. Kibajeti, wewe ni chanzo cha mapato ya baadaye. Kisheria, na hapa nazungumza nikiwa nimefungwa mikono na nyaraka ambazo, nakiri, nimezikalia... nimezihifadhi, kisheria wewe ni... kuna neno, neno si langu, neno ni la mwaka 1953...

(Bi Ozella: "Litamke.")

(Meya anakunywa maji. Meya anakunywa maji tena.)

Naona Mheshimiwa Jaji Sykes amenyoosha mkono. Mheshimiwa Jaji, kwa ratiba, nafasi yako ni baada ya bendi.

(Jaji Sykes anasema mahakama ina swali moja kwa mji.)

Kwa heshima zote, Mheshimiwa, leo ni Jumamosi. Mahakama hukaa Jumanne.

(Jaji Sykes anasema mahakama hukaa anapokaa jaji, na yeye amekaa tangu saa nne na nusu. Anatoa karatasi katika mkoba. Anasema amri ameshaiandika tangu mwaka juzi, amekuwa akitembea nayo hadi sokoni akisubiri kumkuta meya mbele ya mashahidi. Anauliza: "Mji wa Tarver una pingamizi, au hauna?")

Mji wa Tarver, Mheshimiwa, ni dhana mtambuka. Kabla mji haujasema kama una pingamizi, ni lazima kwanza mji ushirikishe wadau, na wadau wenyewe...

(Akina mama wote wanasimama na kofia zao. Akina baba, ambao sasa hawaoni kitu, wanasimama pia. Diwani wa tano anasimama. Mke wa meya anasimama.)

Hata wewe, Corinne?

(Mke wa meya anasema hata yeye, na kwamba kule Paris hakufurahi kama alivyoandika kwenye taarifa.)

Basi naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba mimi, Thaddeus Crumley, kwa hiari yangu, kwa maono yangu, na kwa kuzingatia hali halisi ya hapa uwanjani, natamka kwa niaba ya mji, bila kuathiri maslahi ya kivutio, na kwa kadiri ambavyo pingamizi lingeweza kuwepo lakini kwa mazingira ya sasa...

(Jaji Sykes: "Unalo au huna?")

Hatuna.

(Jaji Sykes anamwomba Mchungaji Dobbs ainame, anaweka karatasi juu ya mgongo wake, anatia sahihi, anagonga muhuri. Mchungaji anasema aah. Jaji anasoma kwa sauti kwamba hukumu ya mwaka 1953 dhidi ya Ozella Mae Rudd imefutwa kama ambayo haikutolewa, kwa sababu hakuna kilichoibwa. Bi Ozella anaipokea karatasi kwa mikono miwili. Anaisoma yote, polepole, mpaka chini. Halafu anauliza ni saa ngapi. Anaambiwa saa nane kasorobo.)

Makofi kwangu, tafadhali. Na sasa, baada ya kuifanikisha ahadi hii niliyoibuni sekunde chache zilizopita, niruhusuni niingie katika ukurasa wa kumi na nane, unaohusu maegesho. Kituo kitakuwa na maegesho ya magari mia tatu na mabasi arobaini... Bi Ozella, mama yangu, ratiba inakuonyesha unakata utepe. Bi Ozella. Mchungaji, mrudishe. Mchungaji, na wewe usiende, wewe ni sala ya kufunga. Akina mama, naona mnachukua mikoba, nami nalitafsiri hilo kama ishara ya kuunga mkono. Waheshimiwa Madiwani. Waheshimiwa. Bendi, mbona mnapiga mnaondoka? Ratiba inasema mpige mmesimama.

(Bendi inapinda kona ya mtaa wa mahakama. Watu wanaifuata. Sauti ya ngoma inapungua.)

Wapendwa mliobaki, tumalizie kwa nguvu zilezile tulizoanza nazo. Nikisema Ozella, mnajibu Oyee. Ozella. (Kimya.) Nikisema Kituo, mnajibu Kinakuja. Kituo. (Mbwa anabweka mara moja.) Tarver Mbele. Tarver Mbele Zaidi. Kofia Moja, Mji Mmoja, Meya Mmoja.

Mwisho lakini si kwa umuhimu, natoa shukrani. Nalishukuru Kanisa la Mlima Nebo kwa kutuazima kiwanja hiki, ambacho watakihitaji kesho kwa magari ya ibada, na kesho kutwa, na daima, kwa kuwa hakiuzwi na hatukuwahi kuuliza. Naishukuru kampuni ya bima ya Ohio, ambayo picha ya ofisi zake ndiyo ile mnayoiona pale juu ya bango ikiwa imeandikwa Kituo Kitakavyokuwa. Namshukuru msanifu majengo, tutakapompata. Nawashukuru wafadhili wetu wa kimataifa, ambao barua zetu ziko tayari kuandikwa. Naishukuru ile asilimia themanini na saba. Na wewe, Bwana Purvis, mkulima, mtu wa watu, nakushukuru kipekee, maana wengine wote wameshindwa kuvumilia maendeleo lakini wewe umebaki hapo chini unanisikiliza mpaka neno la mwisho.

(Bwana Purvis anasema hasikilizi. Anasema jukwaa hili ni trela lake la nyasi za ng'ombe, na amekuwa akisubiri tangu saa saba. Anasema watu wote wako maktaba, Bi Ozella anawasomea watoto, na mjukuu wake yumo, naye anataka kuwahi angalau mwisho wa hadithi. Anamwomba meya ashuke.)

Nitashuka, Bwana Purvis, mara nikishasoma ukurasa wa kumi na tisa, ambao ni wasifu wangu.

(Bwana Purvis anatazama saa. Anapanda kwenye trekta, anawasha. Trela linatikisika, linaanza kwenda taratibu kuelekea maktaba. Meya anashikilia kipaza sauti, ambacho waya wake umechomoka.)

Mabibi na mabwana, kama mnavyojionea wenyewe, mradi unasonga mbele.